Kalenda ya Waandishi 2026: Nunua, Lakini Isahihishe Kabla ya Kuitundika

Kwenye maduka ya vitabu ya katikati ya Kisumu kuna kalenda ya ukutani ya Sh650 iliyojaa siku za kuzaliwa za waandishi. Nakuru inauzwa Sh700, gharama ya kusafirisha ikiwa imeongezwa humo. Ni karatasi 13 za ukubwa wa A3, yaani jalada na miezi 12, zilizofungwa kwa waya upande wa juu. Kila mwezi una waandishi wanane. Jina la mwandishi limo ndani ya kisanduku cha tarehe yake, na chini ya ukurasa kuna ukanda wa maelezo mafupi: alizaliwa wapi, aliandika nini, na alifariki lini ikiwa amefariki. Anayelengwa ni mkutubi wa shule, mwalimu wa lugha na mlezi wa chama cha usomaji.

Inafaa kununuliwa. Kalenda nyingi za aina hii hutoka ng'ambo, na ukizifungua utakutana na Dickens tarehe 7 Februari, Tolstoy tarehe 9 Septemba, na katikati yao miezi mizima bila Mwafrika hata mmoja. Hii imeanza na wa nyumbani. Mwanafunzi wa Chavakali akiinua macho ataona jina la Francis Imbuga kwenye tarehe 2 Februari, mtoto wa Maragoli aliyezaliwa 1947 na kuandika Betrayal in the City, tamthilia iliyochapishwa 1976 na kuiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, huko Lagos mwaka uliofuata. Kumwona mtu wa kwenu ukutani, pamoja na mwaka na jina la kitabu, si jambo dogo kwa mtoto anayejaribu kuandika insha yake ya kwanza. Hata hivyo, kalenda ya siku za kuzaliwa ina kazi moja isiyovumilia kosa, nayo ni tarehe. Kuna visanduku vitano humu vinavyopaswa kurekebishwa kabla kalenda haijatundikwa mbele ya wanafunzi.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndiyo itakayoamua utasahihisha kwa kalamu gani. Ni ya gramu 130, inayong'aa. Picha zimetoka vizuri na nyuso hazijaingia weusi, tatizo la kawaida kwenye kalenda za bei hii. Ila wino wa biro haushiki juu yake. Utaandika, utapitisha kiganja, na maandishi yatapakaa. Tumia kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, kisha uache ukurasa wazi kwa dakika moja kabla ya kuufunua. Penseli haiandiki kabisa. Unyevu wa ziwani nao una yake: karatasi ya kung'aa ikitundikwa karibu na dirisha mjini Kisumu, pembe za chini huanza kujikunja baada ya wiki chache. Itundike kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na sinki, na ubane kipande chembamba cha ubao au rula ya plastiki ukingo wa chini ili iwe nzito na inyooke. Nakuru adui ni vumbi. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, maana kitambaa chenye maji huacha madoa meupe yasiyotoka.

Kitanzi cha kutundikia kimetengenezwa kwa waya uleule uliofungia kurasa, nacho ni chembamba. Msumari wenye kichwa kipana hukipinda, na ukifunua mwezi kwa nguvu kalenda nzima inaanguka. Msumari mdogo usio na kichwa, uliopigwa ukielekea juu kidogo, unatosha.

Sasa tarehe zenyewe. Ukurasa wa Januari ndio uliojaa utamu kuliko yote, na ndio wenye makosa mawili. Shaaban Robert yuko tarehe 1, mwaka 1909, Vibambani karibu na Tanga. Ngũgĩ wa Thiong'o yuko tarehe 5, mwaka 1938, Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Siku inayofuata, tarehe 6, ni ya Ken Walibora wa Bungoma, mwandishi wa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, aliyefariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi. Tarehe 13 ni ya Flora Nwapa wa Nigeria, 1931. Tarehe 18 ni ya Binyavanga Wainaina, aliyezaliwa Nakuru 1971, akashinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 na kufariki 21 Mei 2019. Shule za Nakuru zingeweza kuufanya mwezi huu wote kuwa wa Binyavanga na bado zisimalize yaliyopo.

Kosa la kwanza limo kwenye kisanduku cha tarehe 5. Aina ya herufi iliyotumika haina ũ wala ĩ, kwa hiyo mahali pa herufi hizo pametokea vibanda vitupu viwili katikati ya jina. Mtu aliyeacha kuandika riwaya kwa Kiingereza ili aandike kwa Gĩkũyũ, na kuiandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamĩtĩ, hastahili kuondolewa herufi za lugha yake siku ya kuzaliwa kwake. Kosa hili hutokea faili inapohamishwa kutoka kwenye kompyuta ya mwandalizi hadi ya mchapaji bila kubeba aina ya herufi ndani yake. Dawa yake ni kuhifadhi faili kama PDF iliyobeba herufi zake zote, kisha kuchapa nakala moja na kuisoma kwa macho. Kwenye kisanduku hicho hicho, maelezo yanasema Ngũgĩ anaishi na kufundisha Marekani. Alifariki huko tarehe 28 Mei 2025. Kalenda ya 2026 ilikuwa na nafasi ya kulijua hilo. Inaelekea maandishi yalichukuliwa kutoka kazi ya zamani na hakuna aliyeyapitia upya kabla ya kuyapeleka mtamboni.

Kosa la pili la Januari ni zito zaidi kwa anayeupenda ushairi wetu. Mwana Kupona amewekwa tarehe 1 Januari, ubavuni mwa Shaaban Robert. Utendi wake uliandikwa 1858 kwa ajili ya binti yake, na mwaka huo tunao. Siku ya kuzaliwa hatunayo. Tarehe 1 Januari ndiyo tarehe ambayo karani huandika mtu anapojua mwaka tu, au asipojua chochote, na vitambulisho vingi vya wazee wa Nyanza na Bonde la Ufa vimejaa siku hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Kumpa Mwana Kupona tarehe ya karani ni kumzulia. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, ameachwa nje kabisa, pengine kwa kukosa siku. Ukurasa wa mwisho ungeweza kuwa na safu ya waandishi wasio na tarehe, kila mmoja na mwaka wa kazi yake au wa kifo chake. Katika Kiswahili safu hiyo ingekuwa ndefu na yenye heshima kuliko miezi kadhaa ya kalenda hii.

Machi kuna kosa ambalo Kisumu haiwezi kulinyamazia. Grace Ogot amewekwa kwenye kisanduku cha tarehe 18 Machi na kuandikiwa kwamba ndiyo siku aliyozaliwa. Tarehe 18 Machi 2015 ndiyo siku aliyofariki. Alizaliwa 15 Mei 1930, Asembo. Anayekusanya tarehe kutoka kwenye taarifa za maziko hukutana na tarehe mbili kwenye sentensi moja na kuchukua ile isiyofaa. Ndivyo kosa la aina hii linavyozaliwa, na ndiyo sababu kila tarehe inapaswa kuthibitishwa mahali pawili, pamoja na kuuliza swali jepesi: je, mwaka ulioandikwa pembeni ni wa mwanzo wa maisha au wa mwisho?

Ukihamisha jina lake hadi 15 Mei, tumia kisanduku chote, kwa sababu ukanda wa maelezo umempa mistari miwili tu na yote inahusu siasa. Ni kweli aliingia Bungeni na akawa waziri msaidizi. Lakini kabla ya hapo alisoma Ng'iya na Butere, akasomea uuguzi Mengo, Uganda, na kufanya kazi hospitalini London. Hadithi yake ya kwanza ilitoka 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria. Riwaya yake The Promised Land ilichapishwa 1966, na mkusanyiko wa hadithi, Land Without Thunder, 1968. Kisha akarudi kwenye Dholuo na kuandika Miaha. Mume wake, mwanahistoria Bethwell Allan Ogot, yumo kwenye kalenda tarehe 3 Agosti 1929, na maelezo yake ni mara mbili ya haya ya mkewe. Mizani hiyo si ya haki, na anayesahihisha kwa mkono anaweza kuirekebisha kwa dakika mbili.

Makosa mawili yaliyobaki ni ya ng'ambo, na yote mawili yanafundisha kitu. Pushkin yuko tarehe 26 Mei 1799. Hiyo ni tarehe ya kalenda ya zamani ya Urusi. Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya Julius wakati Ulaya Magharibi ilikuwa imeshahamia ile tunayotumia leo, na tofauti yake ilikuwa siku 11 katika karne ya 18, siku 12 katika karne ya 19 na 13 katika karne ya 20. Pushkin ni wa 1799, kwa hiyo ongeza 11, unapata 6 Juni. Cha ajabu ni kwamba Tolstoy amewekwa sawasawa: 28 Agosti 1828 kwa hesabu ya zamani, ongeza 12, ni 9 Septemba. Ina maana orodha hii ilitoka mahali tofauti tofauti na haikupitishwa kwenye kanuni moja. Ukiwa na jina la Mrusi yeyote aliyezaliwa kabla ya 1918, mwaka Urusi ilipobadilisha kalenda, uliza kwanza tarehe ni ya kalenda ipi.

Shakespeare yuko tarehe 23 Aprili 1564 bila neno la tahadhari. Kilichoandikwa katika kitabu cha kanisa la Stratford ni ubatizo, tarehe 26 Aprili. Watoto wa wakati huo walibatizwa siku chache baada ya kuzaliwa, na kwa kuwa alifariki 23 Aprili 1616, watu wamezoea kumpa siku hiyo hiyo ya kuzaliwa. Si vibaya kuiadhimisha. Andika tu neno "inakadiriwa" kando yake. Kwa upande wa Cervantes kalenda imefanya hivyo hivyo ilivyopaswa: tarehe 29 Septemba 1547 ina kinyota, na chini imeelezwa kwamba kinachojulikana ni ubatizo wa 9 Oktoba. Mwandalizi alijua kanuni, ila hakuifuata kote.

Baada ya marekebisho hayo, Juni inapata wiki moja ya kupendeza. Tarehe 6 ni Pushkin, ambaye baba wa babu yake, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto na kulelewa katika nyumba ya mfalme wa Urusi. Tarehe 7 ni Okot p'Bitek, aliyezaliwa Gulu 1931. Tarehe 12 ni Margaret Ogola, 1958, daktari wa watoto, mwandishi wa The River and the Source. Kitabu hicho cha 1994 kilishinda Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza upande wa Afrika mwaka 1995, na wanafunzi wa sekondari wametahiniwa kwacho kwa miaka mingi. Ogola alifariki 21 Septemba 2011. Maelezo ya Okot hayataji Kisumu, na hapo kalenda imejinyima jambo zuri. Mwisho wa miaka ya 1960 alifanya kazi Kisumu katika elimu ya watu wazima ya chuo kikuu na kuandaa tamasha la sanaa mjini humo mwaka 1968. Liongeze kwa mkono.

Aprili kuna jambo lililofanywa kwa ustadi. Tarehe 13 wamewekwa wawili: Julius Nyerere, 1922, na Euphrase Kezilahabi, 1944, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa hili hili. Nyerere ametambulishwa kama mfasiri, si kama rais. Alimtafsiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena 1969, mwaka ule ule wa Mabepari wa Venisi. Kezilahabi ana Rosa Mistika ya 1971. Siku moja inakupa mwandishi aliyeleta tamthilia ya Kiingereza katika Kiswahili na mwingine aliyeitikisa riwaya ya Kiswahili yenyewe. Aliyewaweka pamoja anaijua kazi yake, na ingefaa yeye ndiye angepitia kurasa zote.

Jinsi ya kuitumia shuleni, na mambo yanayoharibika. Siku tatu kabla ya tarehe, hakikisha kitabu kipo. Hili ndilo huangusha wengi: jina linasomwa kwenye gwaride, mwanafunzi anakwenda maktaba akiwa na hamu, na rafu haina kitu. Kama shule haina nakala, tawi la Maktaba ya Kitaifa la Kisumu, Kakamega au Nakuru ni mahali pa kuanzia, na uombe mapema kwa sababu nakala za vitabu vya zamani ni chache. Siku yenyewe soma kurasa mbili kwa sauti, dakika tano au sita, kisha ndipo useme mwandishi ni nani. Ukianza na wasifu, wanafunzi huchoka kabla ya kusikia sentensi moja ya mwandishi. Chagua kurasa zenye mazungumzo. Maelezo ya mandhari hupotea kwenye uwanja wenye upepo. Baada ya hapo acha kitabu juu ya meza karibu na kalenda kwa wiki nzima, kikiwa wazi kwenye ukurasa uliosomwa.

Likizo zinakula tarehe nyingi nzuri. Kezilahabi na Nyerere huangukia likizo ya Aprili, Ogot mwanahistoria ya Agosti, na mwisho wa mwaka unachukua Chinua Achebe tarehe 16 Novemba, Said Ahmed Mohamed tarehe 12 Disemba na Abdulrazak Gurnah tarehe 20 Disemba. Usiwaache. Wa Aprili wasomwe wiki ya kwanza ya muhula wa pili, na hao wa mwisho wa mwaka wapewe Septemba, kila mmoja wiki yake, tarehe halisi ikiandikwa ubaoni ili isije ikachanganywa na ya kusoma. Kwa chama cha Kiswahili, Achebe anasomeka kama Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute, na Gurnah kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kalenda haitaji tafsiri hata moja kati ya hizo, ingawa imeandikwa kwa Kiswahili.

Lililobaki linauma kuliko tarehe zilizokosewa. Asenath Bole Odaga hayumo. Alizaliwa 5 Julai 1937 Rarieda, akaandika vitabu vya watoto kwa Kiingereza na Dholuo, akakusanya fasihi simulizi, na akaendesha shirika lake la uchapishaji hapa hapa Kisumu. Kitabu chake Jande's Ambition kilitoka 1966 kwa East African Publishing House, mwaka ule ule na kwa mchapishaji yule yule wa The Promised Land ya Ogot na Song of Lawino ya Okot. Vitabu vitatu vya mwaka mmoja, watu watatu walioishi au kufanya kazi kando ya ziwa hili, na kalenda inayouzwa Kisumu inawataja wawili. Marjorie Oludhe Macgoye yumo tarehe 21 Oktoba 1928, lakini ameandikwa Mwingereza na basi. Alizaliwa Southampton, ni kweli. Alifika Kenya 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa katika familia ya Kijaluo 1960, na Coming to Birth ya 1986 ni riwaya ya Kenya kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Odaga alifariki 1 Disemba 2014, Macgoye 1 Disemba 2015.

Julai ina nafasi. Visanduku vyake ndivyo vitupu zaidi mwaka mzima katika wiki ya kwanza, na kile cha tarehe 5 hakina mtu. Andika humo jina la Odaga kwa ile kalamu ya wino usiofutika, herufi ndogo ili mwaka na mahali viingie, na jina la kitabu chini yake. Tarehe 5 Julai 2026 ni Jumapili, kwa hiyo shuleni asomwe Ijumaa tarehe 3.